Aliyeitikia Namba Tisa

Katelembo,
Machakos.
Jumapili, 15 Juni 2025.

Mpendwa ndugu yangu Musili,

Wi museo? Nakuamkua kwa Kikamba kwanza ndiyo ujue aliyeandika ni mtu wa kwenu, si benki wala serikali. Habari za Gaborone, na baridi ya mwezi huu mnaionaje? Goti lako la kushoto linakubali ngazi siku hizi, ama bado unashuka kama mtoto, hatua moja hatua moja? Na wifi yangu Boitumelo, ile presha imeshuka? Mwambie apunguze chumvi. Namjua huyo, huonja chakula mara tano kikiwa bado mekoni.

Sisi huku tu wazima, namshukuru Mungu. Mgongo hunigombeza kila asubuhi lakini nikiukanda kwa maji moto unanyamaza. Mahindi ya upande wa juu yalinyauka, ila ndengu nimevuna gunia na debe, na kunde tumekula mpaka tukachoka. Ng'ombe nimebaki na mmoja tu, mkaidi ajabu, amerithi tabia za babu yetu.

Utashangaa kwa nini barua wakati tunaongea kwa simu kila mwezi. Lakini kwenye simu wewe husikia nusu, na hiyo nusu unaibishia. Jambo hili nataka ulisome umeketi, polepole, bila kuruka mistari. Nakumbuka ulivyokuwa ukisoma vitabu chuoni, unaruka kurasa kisha unakuja kuniuliza mwisho ulikuwaje.

Ni juu ya Kaloki. Mwaka 2006 nilikuambia amekufa. Hakuwa amekufa. Amekufa mwezi uliopita, tarehe kumi na nne Mei, na tulimzika kwake Kivaa Jumamosi ya tarehe ishirini na nne. Kutoka siku niliyokupigia simu mpaka siku tuliyomzika kuna miaka kumi na minane na zaidi ambayo rafiki yako alikuwa hai, anakula, anachunga mbuzi wake, na wewe unamlilia. Kosa ni langu, si la mtu mwingine. Nimelisema mapema usije ukasema nilikuzungusha.

Kama umeiweka barua chini, sitakulaumu. Pumzika, kisha uichukue tena. Mimi imenichukua siku nne kuiandika.

Unaijua desturi yetu, lakini nitaieleza upya kwa sababu najua utamsomea Boitumelo na watoto, na sitaki wadhani shangazi yao ni mchawi. Sisi tuliomaliza Chuo cha Walimu cha Kyamutei mwaka 1969 tulikuwa thelathini na mmoja. Siku ya kuagana mkufunzi wetu alitupa daftari la mahudhurio la darasa, lile lenye jalada la kijani. Kila Jumamosi ya kwanza ya Desemba tunakutana na majina yanaitwa, kama darasani. Daftari nalitunza mimi kwa sababu mlisema mwandiko wangu ndio mzuri. Aliyepo anasema "Niko." Ukiitwa wewe, mimi husema uko safarini.

Mwaka 1978 Muema alikufa, alianguka akiezeka paa la shule yake. Desemba hiyo tulipofika kwa jina lake hakuna aliyejua la kufanya. Ndipo Halima akasema "Yuko," kwa sauti ya kawaida kabisa, akaongeza kwamba alimwona Muema siku moja akimpa mtoto mgonjwa chakula chake chote cha mchana, kisha akajifanya hana njaa. Basi ikawa sheria tangu siku hiyo. Kila marehemu ana mtu wa kumwitikia, na mtu huyo anasema jambo moja tu, alilolishuhudia kwa macho yake. Si sifa wala habari za kusikia. Mwitikiaji naye akifa anaacha marehemu wake kwa mwingine, kama mtu anavyoacha mbuzi.

Ndivyo nilivyojikuta na watu. Ninaye Maundu, aliyekuwa mwalimu mkuu miaka ishirini na bado akipiga kengele ya asubuhi mwenyewe. Nilimwona siku moja ana homa, amejifunga blanketi, anaipiga. Ninaye Nthambi, aliyefundisha darasa la kwanza maisha yake yote akakataa kupandishwa cheo. Nilimwona akipiga magoti kwenye tope kumfunga mtoto kamba za viatu, na huyo mtoto siku hizi ni askofu. Nilianza na mmoja nikafika kumi na watatu. Halima ana wanane, Wambua wa Muthetheni ana sita. Waliobaki hai ni sisi watatu na wewe. Zamani tulikuwa tunakodi ukumbi wa kanisa, sasa tunakutana sebuleni kwa Halima, mjini nyuma ya msikiti, na viti vyake vinabaki.

Sasa nirudi kwa Kaloki, namba tisa. Aliacha kuja mwaka 2003, akakosa tena 2004 na 2005, hakuna neno, hata barua zako hakuzijibu. Hakuwa na simu wakati ule, na Kivaa mtandao ulikuwa wa kutafutia mlimani. Sheria ilisema jina halipigwi mstari mwekundu mpaka mmoja wetu afike nyumbani kwa mtu na kujionea. Mkanituma mimi. Ilikuwa Novemba 2006, unakumbuka ile mvua iliyobeba madaraja. Nilitembea kutoka sokoni Kivaa na mwavuli, tope mpaka kwenye vifundo.

Nilifika kwenye ua wa mikonge. Ndani ya boma niliona kaburi jipya, udongo mwekundu bado haujashuka, mashada ya maua ya karatasi yameloa. Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa. Hakukuwa na mtu uani ila mbwa, naye alibweka. Nilisimama pale labda dakika tano. Nikasema moyoni, basi Kaloki amekwenda. Nikageuka nikarudi sokoni bila kubisha hodi.

Utauliza kwa nini sikuingia. Hili sijawahi kumwambia mtu, hata wewe tuliyelelewa naye nyumba moja. Mwaka 1969, wiki ya mwisho chuoni, Kaloki aliniandikia barua ya kunitaka. Barua nzuri, kurasa mbili. Mimi nilikuwa na kiburi cha msichana aliyeshika namba ya kwanza. Nikaisahihisha kwa wino mwekundu, kila kosa, nikaandika alama chini, kumi na moja kwa ishirini, nikamrudishia. Hakuniambia neno. Tangu hapo tulisalimiana kila Desemba kwa adabu tu. Sasa nisimame mbele ya mke wake, mjane, nimeloa, mikono mitupu, nimwambie mimi ni nani? Niliona aibu, Musili. Aibu ya miaka thelathini na saba ndiyo iliyonizuia kupiga hodi.

Na kosa la kutobisha hodi lingesameheka. Lakini niliporudi kwa wenzetu niliwaambia nimeingia. Niliwaambia nimepewa chai na nimeshika mikono ya watoto. Desemba hiyo nikachukua kalamu nyekundu na rula nikapiga mstari juu ya namba tisa. Wewe nilikuwa nimeshakupigia simu. Ukaniambia, "Mwitikie wewe, Mbithe. Mimi niko mbali." Nikakubali.

Lile kaburi lilikuwa la mke wake. Ile miaka mitatu alikuwa akimuuguza.

Mara kumi na nane nimemwitikia. Kila Desemba niliwaambia lile nililoliona siku ya mafunzo ya kufundisha kule Muthetheni: mvua inanyesha, Kaloki anaingia lango la shule ameloa chapachapa, shati limemganda mgongoni, na koti lake amelifunika juu ya chati za somo alizochora usiku kucha. Alizitoa zikiwa kavu kabisa. Watu walikuwa wakilipenda sana jambo hilo, hata Wambua aliyekuwa akisinzia aliamka tukifika hapo. Nami nilijisemea kwamba angalau nafanya haki kwa marehemu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, sikuona mwisho wake, na nilizoea kuitembea.

Mwaka jana mwezi wa Novemba, Halima alipiga picha ukurasa wa daftari akaiweka kwenye kundi la simu la walimu wastaafu, tuwaombee marehemu wetu. Unamjua Halima na simu, kila kitu lazima apige picha. Ukurasa ukatoka mkono kwa mkono mpaka ukamfikia Ndanu, binti ya Kaloki, anayefundisha Muthetheni. Mimi sikujua lolote.

Tarehe saba Desemba tukakaa sebuleni kwa Halima, saa tano asubuhi, pilau iko mekoni. Nikafungua daftari nikaanza kuita. Wambua akamwitikia namba nane wake. Nikasoma namba tisa, "Kaloki," nikainua uso, nikafungua mdomo kusema yuko.

"Niko," sauti ikasema mlangoni.

Sikupiga kelele. Hakuna aliyepiga. Wambua alianza kusema Baba Yetu kwa Kikamba, na Halima alishika kiti akataja jina la Mungu. Mimi unajua nilifanya nini? Kwa mazoea ya miaka arobaini ya ualimu, mkono wangu uliweka alama ya vema mbele ya jina, hapo hapo juu ya mstari mwekundu. Ndipo nikatazama mlangoni. Alikuwa amesimama na fimbo, amekonda, amevaa suti ya kahawia, na binti yake nyuma amembebea mfuko. Masikio ni yale yale. Halima alimshika mkono kwanza, akaugeuza akautazama kiganjani, kisha akamkalisha na kumpa maji.

Kaloki alilitazama daftari mapajani mwangu. Akaniambia, "Mbithe, hii ni mara ya pili unanitia wino mwekundu." Wengine hawakuelewa. Mimi nilitamani sakafu ifunguke.

Hakugomba. Ningependa angegomba. Alisema tu anataka kusikia ni kitu gani tulichokuwa tukisema juu yake miaka yote hiyo. Basi nikasema, yeye ameketi mbele yangu na bilauri ya maji. Nikasema mvua, lango, shati, chati kavu, koti. Nilikariri kama mtoto mbele ya mkaguzi.

Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Koti halikuwa langu," akasema. "Mimi sikuwa na koti. Lilikuwa la Musili. Aliamka asubuhi akanipa, yeye akabaki kitandani, akamwambia mkufunzi ako na malaria. Mmekuwa mkinisifu kwa koti la mtu."

Kisha akauliza, "Huyo Musili alikufa lini?"

Ndugu yangu, hapo ndipo nilipojua ukubwa wa nililolifanya. Barua zako zilikoma 2006. Yeye alikuandikia mbili, wewe ulikuwa umeshahama ile nyumba ya zamani, hakupata jibu. Akakata shauri kwamba umekufa ugenini. Na sisi wengine, hakuna hata mmoja aliyekuja kumpa pole ya mkewe, akadhani tumemtupa. Akakaa na hilo Kivaa.

Nilimwambia uko hai, Gaborone, una goti bovu na wajukuu watano. Aliangalia mikono yake, akaangalia dirishani. Halima alipoleta pilau alikula kidogo, halafu akacheka peke yake, akasema, "Kumbe." Neno hilo alilirudia mara mbili tatu mchana ule.

Nilitaka kukupigia simu pale pale. Alinizuia. Alisema mtu asisikie sauti ya maiti kwenye simu, atakuandikia mwenyewe, kwa mkono wake, kama zamani. Nikampa anwani yako. Nikakubali haraka, Musili, haraka mno, kwa sababu kadiri alivyochelewa kuandika, ndivyo nami nilivyochelewa kuulizwa na wewe. Tumeongea Krismasi, tumeongea Pasaka, nimekuambia habari za mvua na bei ya unga. Nilijificha nyuma ya ombi la mgonjwa.

Maana Januari aliugua kiharusi, mkono wa kulia ukafa. Februari nilikwenda Kivaa. Safari hii nilipiga hodi. Nikakaribishwa, nikanywa chai ile niliyosema nimekunywa mwaka 2006. Nikamweleza yote, ua wa mikonge, mbwa, kurudi sokoni. Alisikiliza upande wake mzuri wa mdomo ukicheza. Akasema siku hiyo alikuwa ndani, amelala kifudifudi, siku ya nne baada ya kumzika mkewe. Mbwa alibweka. Alijikokota mpaka dirishani akaona mgongo wa mwanamke na mwavuli, anakwenda zake. Akadhani ni mtu wa kanisa amepotea njia.

Mimi siku hizi nauona huo mgongo. Nikiwa nachota maji, nikiwa nawapa kuku chakula, mchana kweupe, naona mwavuli unakwenda, na siwezi kumfanya huyo mwanamke ageuke.

Alinisamehe. Alisema, "Wewe ulinipa kumi na moja kwa ishirini. Mimi nakupa kumi na mbili." Nililia pale mezani, yeye akanisukumia sahani ya viazi vitamu kwa mkono wa kushoto.

Siku ya mazishi, watu wakila, Ndanu alinivuta kando mpaka kwenye ghala ya baba yake. Akanionyesha gogo lililolainika kwa kukaliwa. Akaniambia kwamba kila Jumamosi ya kwanza ya Desemba, tangu yeye akiwa msichana, mzee alikuwa akikaa hapo saa tano asubuhi na kuita majina. Watoto walidhani ni huzuni ya mama yao. Aliita wale aliowakumbuka, akawaitikia. Akifika kwa jina lako alisema, "Musili? Yuko," kisha akasimulia ng'ombe na mbuzi na yeyote aliyepita jinsi ulivyompa koti lako siku ya mvua.

Mara kumi na nane. Siku ile ile na saa ile ile, mimi nikiwa mjini namwitikia Kaloki kwa lile koti, yeye akiwa Kivaa anakuitikia wewe kwa koti hilo hilo, nanyi nyote wawili mko hai. Nimelifikiria mpaka kichwa kinauma, na sijui nimpelekee nani.

Tangu hapo silali vizuri, lakini mchana ndio mbaya zaidi. Juzi nilikuwa nachambua ndengu nikajikuta naita daftari kwa kichwa. Kila mmoja aliitikia kwa sauti yake, Maundu na kile kikohozi chake, Nthambi na sauti nyembamba. Nilipofika namba tisa nikanyamaza kungoja. Nilingoja mpaka jirani akaniuliza kama naumwa.

Na kuna hofu nyingine. Kama namba tisa alikuwa hai, je, wale wengine? Nimeanza kuzunguka. Mimi na Halima tumekwenda kaburi kwa kaburi tangu mwezi uliopita, yeye na simu, mimi na daftari. Nagusa msalaba, nasoma jina, naweka nukta ndogo ya penseli. Tumebakisha wawili tu. Wote tuliowafikia wamekufa kweli, Musili, na sijui kwa nini kila mara nilirudi nyumbani nikiwa na huzuni, wakati ndiyo habari niliyokuwa nikiitafuta.

Daftari liko hapa mezani. Kaloki alipokufa nilichukua kalamu nyekundu kwa mazoea, kisha nikakumbuka hakuna la kupiga. Mstari upo. Ulikuwa unamngoja.

Sasa ombi langu. Desemba itafika, na namba tisa ataitwa. Mimi sitamwitikia, sina haki hiyo tena, na nililokuwa nikilisema halikuwa kamili. Wambua na Halima wamekubali kwamba mwitikiaji wake ni wewe. Tuma jambo moja ulilolishuhudia wewe mwenyewe. Andika ama mwambie mwanao anipigie, Halima atalisoma. Kama hasira zimekushika na hutaki kuniandikia mimi, mwandikie Halima. Na kama hutatuma chochote, tutamwita Kaloki na tutakaa kimya muda wote ambao mtu angeutumia kusema, halafu tutakwenda namba kumi. Sitaweka kitu changu hapo.

Na mimi zamu yangu haiko mbali. Mimi ni namba kumi na nne. Atakayeniitikia asiseme nilikuwa na mwandiko mzuri. Aseme nilifika mpaka kwenye ua wa mikonge nikarudi. Nyinyi hamkuliona kwa macho, najua, lakini aliyeliona alikuwa dirishani, na alinipa mimi nilibebe.

Siombi unisamehe kwa barua hii. Kaloki alinisamehe haraka na haikunisaidia sana. Nakuomba tu usikae kimya kwa sababu yangu, maana kimya kimeshatula miaka mingi.

Wasalimie wote wa nyumbani mwako. Msalimie wifi Boitumelo, mwambie ile shali aliyonipa mwaka 1998 tulipomzika mama mkubwa bado naivaa kanisani. Wasalimie watoto na wajukuu, hasa yule mdogo mwenye jina la baba yetu mkubwa. Halima anakusalimu sana, anasema bado unamdai kitabu cha jiografia. Wambua naye anakusalimu, alinitumia salamu hizo mara mbili kwa sababu alisahau ya kwanza. Ndanu hakujui ila kwa koti, naye anakusalimu.

Mungu wa wazee wetu akulinde ulalapo na uamkapo, akupe goti la kukufikisha mlangoni na masikio ya kusikia ukiitwa.

Ndani ya bahasha nimetia karatasi. Ndanu aliikuta chini ya mto wa baba yake. Ni barua aliyoniahidi kukuandikia. Alikuwa akiiandika kwa mkono wa kushoto, tangu Februari mpaka Mei, na hakufika mbali. Usitafute makosa, mimi nimeitazama na sikuona hata moja. Ina maneno mawili tu, "Musili, niko."

Mwitikie, ndugu yangu. Sema kwa sauti, hapo ulipo.

Dada yako wa ziwa moja, anayekupenda hata usipomjibu,

Mbithe.